Jina la Otim Uwanjani

Kila asubuhi Akidi alimenya viazi vitamu, akavichemsha, akavifunga kwenye jani la mgomba. Mama yake alikichukua kile kifurushi akatembea nacho mpaka lango la kambi ya jeshi. Humo ndani alikuwamo Otim, kaka yake Akidi, au ndivyo walivyoambiwa. Mlinzi alipokea chakula, akafunga lango. Mama akarudi mtaani kwao Katwe kuuza chumvi kwa kijiko, maana siku hizo chumvi ilikuwa haipatikani, na sukari ndiyo usiulize kabisa.

Otim alikuwa fundi bati, na tena kipa wa Nyundo. Timu hiyo waliianzisha mafundi wa Katwe wenyewe. Mzee Marjan na wenzake waliunganisha mabomba ya maji yaliyotupwa, wakapata magoli, wakaanza kucheza. Tangu hapo wakawa na desturi yao. Kabla ya mechi, majina ya wote waliowahi kuvaa fulana ya Nyundo yanaitwa. Aliye hai anaitika, "Nipo," hata kama sasa ana kitambi na amekuja kutazama tu. Aliyekufa, uwanja mzima unamjibia, "Amepumzika." Jibu la tatu halikuwepo. Sauti ya Mzee Marjan ilipokauka, kazi ya kuita alipewa Akidi, kwa sababu kichwa chake kilishika majina yote. Naye alijivuna kweli.

Halafu siku moja likaja gari lisilo na namba. Wanaume wenye miwani myeusi walimtia Otim kwenye buti la gari mchana kweupe, mbele ya mafundi wote, na hakuna aliyenyanyua mkono. Kosa lake hakuna aliyelijua. Wengine walinong'ona kwamba kosa ni lile jina lake la kaskazini, basi, maana siku hizo watu wa huko walikuwa wakisakwa.

Jumapili, mechi ya kwanza tangu Otim achukuliwe, Nyundo walicheza na vijana wa mtaa wa Mengo. Akidi aliita majina, akafika kwa Otim. Uwanja ukanyamaza. Karibu na goli walisimama wanaume wawili wenye miwani myeusi, wasiojulikana na mtu.

"Kipa wenu yuko wapi?" kijana mmoja wa Mengo akadakia. "Au siku hizi anadaka risasi?"

Wenzake wakacheka kidogo, kisha wakajuta kucheka. Akidi alitaka kile kimya kiishe tu, hata kiishe vipi.

"Amepumzika," akasema. Watu, kwa mazoea, wakaitikia naye.

Mechi haijaisha, Kavugho, jirani yao Mkongo aliyeuza vitenge, alikuwa ameshafika kwa mama yake Akidi, analia. Majina ya Nyundo hayakuwahi kudanganya, kwa hiyo hakuna aliyeuliza habari imetoka wapi. Mama aliumwagia maji moto wa jikoni, akaketi sakafuni. Jumatatu hakwenda langoni.

Siku hiyo Akidi aliosha vikombe vya waombolezaji mpaka vidole vikakunjamana. Mchana akashindwa kuvumilia, akakimbia karakanani kwa Fadhul, kapteni wa timu.

"Fadhul, mimi sijui kama Otim amekufa. Nilisema tu."

Fadhul aliacha kugonga. Kwanza akatazama barabarani. "Funga mdomo. Ukisema yuko hai, watakuuliza nani amekuambia. Unataka na sisi tubebwe?"

"Lakini mama hapeleki tena chakula."

"Nenda nyumbani, mtoto wewe."

Akaenda. Chumba kilijaa wanawake. Akapiga magoti mbele ya mama yake, wote wakisikia.

"Mama, hakuna aliyeniambia kitu. Niliona wale watu nikaogopa, nikasema amepumzika. Sijui yuko hai, sijui amekufa."

"Hujui?"

"Sijui, mama."

Akidi alingoja kofi. Halikuja. Kavugho akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kumbe nalia tangu jana, na hakuna anayejua?"

Mama hakucheka. "Inuka," alimwambia Akidi. "Kawashe moto."

Kesho yake walikwenda wote wawili. Mlinzi alikuwa yule yule. Alipokea kifurushi, akageuza shingo kuangalia nyuma yake, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chake cha kambini:

"Mama, jana hapana kuja, sababu gani? Ile kijana yako huko ndani nauliza. Yeye nasema, 'Leo mama yangu wapi?'"

Mama alikamata chuma cha lango akajishikilia hapo. Kisha akashukuru, akageuka. Walipofika mbali na lango ndipo akasema.

"Jana mwanangu alilala njaa kwa neno lako."

"Ndiyo, mama."

"Uliogopa. Fadhul pia anaogopa, na mimi naogopa. Sikugombezi kwa hofu. Lakini mtu akikuuliza usilolijua, sema hujui. Usitafute neno la uongo ili upumue. Neno lako lilikuwa fupi, na lilikuwa linamzika kaka yako mzima mzima."

Akidi alifuta pua kwa kiganja. "Na Jumapili nikifika kwenye jina lake?"

"Utaliita."

"Halafu niseme nini?"

"Useme, 'Tunamngoja.' Wakikaa kimya, nitaitikia mimi."