Vyungu Viwili

Mpiga picha alikuwa hodari wa kazi, lakini kompyuta yake ilikuwa kama kisima cha mtaa, kila mtu anachota. Mchana alitengeneza humo picha za wateja. Jioni mumewe, aliyeitwa Mzee Sinema hata na wanawe, aliitumia kupakua filamu za bure. Nywila ilikuwa moja, na nyumba nzima iliijua.

Asubuhi moja picha zikagoma kufunguka. Filamu ya jana ilikuja na kirusi, nacho kikafunga kila kitu. Humo mlikuwa na picha za harusi ya binti mmoja, na baba wa binti huyo alikuwa amefariki muda mfupi baada ya sherehe. Hizo ndizo zilikuwa picha zake za mwisho.

"Nitamwambia nini mtoto wa watu?" mpiga picha akalia.

Jirani yao, fundi wa kompyuta, akaja. Kwanza aliulizia kadi ya kamera. Kumbe mpiga picha hakuwa ameifuta, kwa uvivu tu! Picha zote zilikuwamo. Siku hiyo aliushukuru uvivu wake.

Fundi akamwonya asitegemee bahati. Dawa ni kutenga vikoa vya usalama. Mzee Sinema akacheka. Kikoa alichokijua yeye ni cha kula kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu.

"Basi umeshaelewa, shemeji," fundi akasema. "Wanaokula chungu kimoja, kikiingia sumu wanaugua wote. Kikoa cha usalama ni vifaa, mafaili na watu walio chini ya sheria moja na msimamizi mmoja. Ninyi mmepika kazi na sinema pamoja. Wekeni vyungu viwili."

Wakafanya hivyo. Kompyuta ya kazi ikasafishwa, ikapewa nywila mpya, na msimamizi akawa mpiga picha peke yake. Sinema zikahamia kompyuta kuukuu ya sebuleni. Kitu hakivuki bila ruhusa.

"Hata mimi, mume wa ndoa?"

"Ndoa ni kikoa kingine, shemeji."

Binti alipokuja, picha zilifunguka. Alimwona babake akicheka, tai imekaa upande. Akagusa kioo, akatabasamu huku machozi yakimtoka.

Mzee Sinema alikuwa mlangoni na flashi yake, alitaka kujaribu filamu mpya kwenye kompyuta ya kazi, kidogo tu. Akamtazama binti. Akairudisha flashi mfukoni, akaufunga mlango polepole.