Jina Kwenye Sahani

Orest alifungua friji. Sahani ya jana ya pirogi, vipande vya unga vilivyojazwa viazi, ilikuwa vilevile. Juu yake palibandikwa karatasi yenye jina alilopewa mtoto wao alipozaliwa: Oksana. Mke wa Orest, Marcia, alifanya kazi zamu ya jioni. Kila mtu aliachiwa chakula chenye jina lake, ili watu wasigombane.

Hiyo ilikuwa siku ya nne mtoto wao kutogusa sahani yake. Alikuwa na miaka kumi na tano. Mwaka jana aliwaambia kwamba yeye ni mvulana, na jina lake ni Levko. Walikubali kumpeleka kliniki ya vijana wa namna hiyo, wakangoja miadi miezi minane. Halafu Orest akatazama filamu kuhusu kijana kama huyo. Kijana aliingia kwa daktari, na mara akaonekana kitandani, kifua kimefungwa bendeji. Kesho yake Orest alipiga simu akafuta miadi, na tangu hapo mtoto akaacha kula.

Orest alitoka na koleo kuondoa theluji mlangoni. Jirani yao Lorna, aliyestaafu kazi ya ustawi wa jamii katika kliniki kama hiyo, alikuwa akipita, akasimama.

"Umechoka kuliko hilo koleo," alisema.

Orest akamweleza.

"Miezi minane, ukaifuta kwa sababu ya filamu?"

"Nimeona mwenyewe. Wanawapasua watoto."

"Umeona saa mbili, jirani. Filamu haina nafasi ya watu kuongea mwaka mzima. Hata wewe fundi wa mashine za kupasha nyumba joto, wangekuonyesha ukigonga mashine mara moja, nyumba ikapata joto."

Orest nusura acheke. "Sasa huko wanafanya nini?"

"Kwanza ni maongezi. Anaulizwa analalaje, anakulaje, shuleni kukoje. Nanyi mnaulizwa. Dawa, kama zinamfaa, huja baadaye, baada ya kupimwa na kuelezwa faida na madhara yake. Wengine hawazitaki kabisa. Upasuaji si jambo la mtoto aliyefika leo."

"Na tukikosea?"

Lorna alitazama theluji. "Mpwa wangu alijiita Desmond. Tulisema ataacha tu, tukakataa kumwita hivyo. Tulilitamka jina hilo siku ya kumzika. Jina halihitaji daktari, Orest. Anzeni na hilo. Na akisema amechoka kuishi, msingoje miadi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo."

Orest aliingia ndani akapiga simu kliniki. Karani alimwandika mtoto kwenye orodha ya wanaongojea mtu mwingine aache nafasi yake. Kisha Orest akabandua karatasi ya zamani, akaandika nyingine kwa mkono mzito: Levko. Kesho yake sahani ilikuwa imeliwa nusu.

Baada ya wiki sita walipata nafasi. Daktari aliongea nao saa nzima, akawapa siku nyingine ya kurudi.

"Basi ndiyo hayo tu?" Orest aliuliza garini.

"Ulidhani nini, baba?"

"Nilidhani kama kwenye ile filamu."

"Ile? Hata kuigiza hawajui," Levko akasema.

Jioni Orest alikuta sahani tupu kwenye sinki, haijaoshwa. Siku nyingine angefoka. Aliibandua ile karatasi taratibu isichanike, akaiosha sahani, akaibandika karatasi tena.