Pumzi Ndani ya Kioo

Kioo kikishapoa hakitoi jasho. Masinde alilijua hilo kama alivyolijua jina la babake, ndiyo maana asubuhi ile alisimama mlangoni mwa karakana yao mjini Kakamega akasahau hata kuvua kofia. Pale rafuni, mama wa kioo aliyebeba mtoto mgongoni alikuwa mkavu, lakini mtoto alikuwa na ukungu, tena kwa ndani. Ukungu ulitanda, ukafifia, ukatanda tena, jinsi mtu aliyelala anavyopumua.

Sanamu ile waliitengeneza wawili, yeye na Ismael wa Mumias, iwekwe ukumbini siku ya kuadhimisha mwaka mmoja wa Uhuru. Ismael aliyeyusha vioo vya chupa kwenye moto wa mafuta ya taa, mguu wake ukisukuma mvukuto. Masinde alipuliza kwa mrija mpaka kioo kikavimba na kuwa shavu, kisogo, mkono. Kila alipotupa mabaki ya moto jaani nyuma ya karakana, Ismael alisema bismillahi kwanza, akawaomba wenye mahali wapishe. Masinde alimcheka sana. Alimwuliza kama majini nayo yamepata uhuru wao.

Siku mbili kabla ya asubuhi ile Ismael alikuwa mazishini Matungu. Masinde alikuwa na haraka, maana mkewe Khalayi alikaribia kujifungua, basi akamtengeneza yule mtoto wa kioo peke yake, akaziba tundu la kupulizia kwa moto, na donge lililobaki akalirusha jaani likiwa jekundu, bila neno. Majivu yaliyonyeshewa yakalia ssss. Ndani ya mlio ule alisikia kitoto kikilia, akajiambia ni paka.

Ismael alipouona ukungu hakubishana na mtu. Alikwenda Ekero kumleta Bi Swaumu, mama aliyejua kusema na majini. Mama huyo aliinusa sanamu, na wote watatu wakaisikia harufu ya nywele zilizoungua.

"Umechoma mtoto wa watu, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Hukupiga hodi. Sasa mama yake ameshika pumzi ya mtoto wako, ameifungia hapa."

"Nikivunja?"

"Ukivunja itapotea. Tundu uliloliziba kwa moto, lifungue kwa moto, kabla bibi yako hajazaa. Polepole, vile mnafanyanga kila siku."

Wakawasha moto. Kioo kilichopoa hubembelezwa: huanzwa mbali na ndimi za moto, kikageuzwageuzwa, kikasogezwa kidogo kidogo. Ismael aligeuza na Masinde akashika mrija, na jinsi kioo kilivyopata joto ndivyo ukungu ulivyokwenda mbio, na ndivyo kule jaani kulivyosikika mtu akikwaruza majivu kwa kucha, akikwaruza na kuguna, akisogea ukutani, mpaka harufu ya nywele ikawajaa kooni na Masinde akahisi nyuma ya shingo yake kuna mtu anayengoja zamu. Ndipo Mildred, dadake Khalayi, akaingia akihema.

"Shemeji, mtoto anakuja."

"Usiharakishe," Ismael akanong'ona. "Ndugu yangu, tafadhali."

Lakini baba ni baba. Masinde alikisukuma kioo katikati ya moto, na kikapasuka. Pumzi fupi, vuguvugu, ikampita sikioni ikaenda zake.

Kule jaani kukanyamaza. Bi Swaumu alifunga ubani wake kitambaani bila kuuwasha. Alisema hana kazi tena pale, akaondoka bila kuonja hata maji.

Nyumbani Masinde alikuta vicheko. Mtoto alikuwa mvulana, mzima, macho wazi. Masinde alimpakata akalia kwa furaha, akaamini kwamba mwanamke yule wa Ekero alikuwa amewadanganya. Kisha akatoa mfukoni kipande cha kioo kilichopasuka, akakisogeza chini ya pua ya mtoto. Kifua kilipanda na kushuka, lakini kioo kikabaki kikavu.

Mtoto hakulia wala hakunyonya. Mamake Masinde, Priscah, alijua dawa: mtoto wa namna hiyo anangoja jina lake, na akitajiwa marehemu anayemrithi jina atashika ziwa. Akawataja wafu wa ukoo wote, wa kuumeni na wa kukeni, mmoja mmoja, mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyemjua mtoto yule.

Akiwa amechoka, Priscah alimwaga maji mekoni azime moto. Majivu yakalia ssss.

Mtoto aligeuza kichwa. Akatabasamu, akashika ziwa akaanza kunyonya.

"Amekubali," Khalayi akasema, huku machozi ya furaha yakimtoka. "Mama, umetaja nani? Mtaje tena."

Priscah alisema hakutaja mtu. Masinde alikuwa ameshalisikia jina, katika mlio uleule wa jaani.