Nani Alikata Kikwembe ya Keren?

— Kambo, angalia! Nani alikata kikwembe yangu ya ndoa?

Keren, mujukuu wangu, alinionyesha kona ya kile kitambaa. Ilikatwa na makasi, muzuri kabisa. Panya haikatake vile.

— Mama, nikamuambia Keren, muntu anaiba kipande ya kikwembe ya kufanyia dawa tu. Kuko mwanamuke anataka kukutosha mu hii nyumba, aingie yeye.

Ningeweza kunyamaza, lakini kinywa yangu haijazoea.

Na bwana yake Hénoc, kila siku ya posho, ni kusema Jumamosi, akisha kula tu, anatoka. Eti anaenda ku club. Club gani, muntu anarudi hanuki bière, ananuka cutex? Kucha nyekundu kama bibi-arusi!

Ile siku ilikuwa posho. Hénoc alikuwa anaoga, telefone yake ikalia juu ya meza. Keren akasoma:

"Hénoc, leta kipande ya mwisho ya kikwembe ya bibi yako. Leo njo tunamaliza kazi. Chishimba."

— Huyu Chishimba ni mufumu wa dawa! Kambo, nafunga malle ya nguo. Narudi kwa mama ku Kipushi.

— Funga. Lakini tumufuate kwanza. Nataka kumuona ule mwanamuke, labda ni muzuri kukupita.

— Kambo!

Tulimufuata mpaka Kamalondo, mu chumba ya nyuma ya duka ya Chishimba. Keren akasukuma mulango na malle ku mukono.

Mwanamuke hakuwa. Kulikuwa banaume batatu, na ndevu zao, bamezunguka meza. Juu ya meza ngome ya carton, na baaskari ba plastiki, badogo kama kidole, juu ya farasi, na mikuki yao. Mumoja, Rachid, alikuwa anapima na mètre farasi yake itafika wapi.

— Mulamu, karibu, Chishimba akasema. Ni muchezo ya vita ya zamani, ya bafalme ba Ulaya. Tunapaka baaskari rangi sisi benyewe. Cutex njo inashika.

— Na kikwembe yangu?

Hénoc aliinua askari wake. Bendera yake ilikuwa na maua ya kikwembe ya ndoa. Jeshi yake yote vile vile.

— Zamani, askari akienda ku vita, alibeba kitambaa ya mwanamuke anamupenda. Rachid, bibi yake Ramla alimupatia yake. Mie niliogopa kukuomba. Ungenicheka, mwanaume muzima na batoto ba plastiki.

— Ningekucheka, ndiyo. Kisha ningekupatia! Sasa umekata ndoa yangu kama mwizi, na mie nimefunga malle!

— Nisamehe, bibi yangu.

Machozi ya Keren ilikuwa karibu. Nikamunong'oneza Keren kitu ku sikio. Akacheka, akaweka malle chini.

— Nimekusamehe. Lakini posho inayokuja, napigana na wewe hapa juu ya meza, na jeshi yangu.

Kesho yake, siku ya Mungu, Hénoc alifungua armoire ya nguo atafute kravati yake ya ndoa. Alikuta fundo tu.

— Keren! Nani alikata kravati yangu?

— Bwana, askari akienda ku vita anabeba kitambaa ya mwanaume anamupenda.

Mie nilikuwa ku kiti. Nilikuwa nimekalia makasi.