Mbao Ndefu za Papa Emile

Kila siku akitoka shuleni, Benie alivua sare, akala kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki, kisha akaenda kukagua soko. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, na hakuna aliyemwomba akague chochote. Lakini soko lilikuwa la baba yake, basi alitembea humo mikono nyuma kama mkuu wa shule.

Soko lenyewe lilikuwa ghala la zamani la kahawa, ndani ya kiwanja cha familia, hapa Kisangani. Papa Emile aliacha kazi yake ya uwanja wa ndege kule Bangboka ili alifungue. Likishindwa, nyumbani hakutakuwa na cha kula. Hilo hata Benie alilijua. Akina mama waliouza kando ya barabara waliitwa waingie ndani, wasinyeshewe tena. Waliingia kwa furaha, wakakuta mbao.

Mbao kutoka chini hadi juu! Papa Emile alikuwa amemjengea kila muuzaji chumba chake, eti kama maduka ya wakubwa. Tena akaweka sheria: kila mtu auze vitu vyake tu. Mtu amezaliwa Kisangani, amenunua sokoni tangu utoto, na hajawahi kuona kwamba mama akiondoka kidogo, jirani humuuzia vitu vyake. Yeye aliona fujo tu. Akili nyingi kweli hiyo.

Ijumaa, Mama Safi, muuza mchele kutoka Maniema, alikwenda msikitini. Alimwachia mchele wake jirani, Mama Françoise, muuza samaki wakavu. Mteja akaja, Mama Françoise akatoka chumbani kwake ili ampimie. Benie akajitokeza.

"Mama Françoise, rudi kwako. Mchele si wako."

"Mutoto, iko namna gani? Mwenzangu iko anasali."

"Basi afunge chumba, ndipo asali. Hapa si kando ya barabara."

Akavuta pazia la mlango wa Mama Safi, na mteja akaenda zake. Mama Safi aliporudi na kusikia yaliyotokea, hakugombana na mtoto. Alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akafyonya, akafunga gunia lake.

Jumatatu ghala lilikuwa tupu. Akina mama wote walikuwa barabarani chini ya miavuli, mvua inanyesha, na wanacheka. Walikuwa wakilicheka ghala.

"Wamekimbia kwa nini?" Papa Emile aliuliza.

"Papa, wamezoea uchafu," Benie akajibu.

Uongo huo ulimpendeza sana baba yake, maana ulimwacha yeye msafi. Lakini siku zikapita, na hakuna aliyerudi. Nyumbani walikula sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki. Papa Emile akaanza kuzungumza habari ya kuuza kiwanja. Benie alipoyasikia maneno hayo, aliogopa sana, akasema ukweli wote: pazia, mteja, na jinsi alivyowasingizia akina mama.

Papa Emile aliinuka, akatafuta viatu vyake. "Sheria niliweka mimi," akasema. "Wewe umeongeza kiburi juu yake. Bon, twende wote."

Wakavuka barabara katika matope. Mama Safi hakuwapa kiti.

"Mama Safi, nisamehe," Benie alisema. "Nilikufukuzia mteja. Halafu nikamwambia papa kwamba mnapenda uchafu."

"Umesikia?" Mama Safi alimwuliza Mama Françoise, kisha akamgeukia Papa Emile. "Ulitujengea gereza, papa. Mimi niko na sala, niko na mutoto wa kunyonyesha. Nikitoka, nani atauza? Mbao yako?"

Kesho yake Papa Emile alileta msumeno, akazikata mbao zote hadi usawa wa kiuno, na sheria yake akaiondoa. Akina mama wakarudi polepole, wakikagua kila kona huku wamebinua midomo. Nani angewalaumu?

Asubuhi moja ya likizo, Mama Safi alimwita Benie.

"Ninaenda kunyonyesha. Kaa hapa, uuze mchele yangu."

"Mimi?" Benie alishangaa. "Na nikikosea?"

"Utauliza Mama Françoise, iko hapo, sasa munaonana. Sikiliza, mutoto. Nyumba hii iko ya papa yako, hakuna mutu anabisha. Lakini soko ni watu wanaachiana mali bila kuogopa. Ukizarau watu, utabaki na nyumba tupu."

Akamwekea kipimo mkononi, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka bila kutazama nyuma.