Saini ya Vickers

"Hii saini si yangu, binti."

Glenda alidhani hakusikia vizuri. Ukumbi ule wa Cleveland ulijaa kelele, watu wamebeba fulana, glovu na mipira ya besiboli ili mzee Lonnie Vickers, mrushaji nyota wa zamani, awasainie. Yeye mpira wake ulikuwa na saini tayari. Alitaka picha tu.

"Mzee, uliusaini mwaka jana kule Akron. Mchumba wangu alikupangia foleni."

"Akron sikufika. Nilikuwa nimelazwa, nimepasuliwa goti. Waliokuja wote walirudishwa."

Glenda akamgeukia Duane, mchumba wake, aliyesimama kando. Siku ile mama yake Glenda alikuwa mahututi, na Duane ndiye aliyesema, "Kaa na mama, mpenzi. Nitakutafutia mimi." Saini za kikosi kizima alichokipenda Glenda tangu utotoni alikwisha kuzikusanya, ikabaki ya Vickers tu.

"Duane, ulikuwa wapi?"

"Tutaongea nyumbani."

"Hapa hapa!"

"Watu wanatuangalia."

"Waangalie! Mama anakata roho, nakupigia hupokei, unanitumia meseji: 'Niko kwenye foleni, kelele nyingi.' Foleni gani hiyo?"

Glenda akamwinulia mpira usoni.

"Na hii nani kaandika? Mwandiko wako naujua, kama kuku kaparua. Huu umetulia. Nani?"

"Glenda..."

"Nani?!"

"Trish."

Mtalaka wa Duane. Yule ambaye Duane aliapa hata namba yake ameshaifuta.

"Nilipitiwa," Duane akanong'ona. "Sikutaka kurudi mikono mitupu."

"Alicheka wakati anaandika?"

"Hilo lina maana gani sasa?"

"Nimekuuliza, alicheka?"

"...Kidogo."

Usiku ule wa msiba Glenda alilala na mpira huo, akiukumbatia kama mtoto. Akavua pete, akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati la Duane.

"Mpelekee, aicheke na hii."

Mzee Vickers akakohoa. "Binti, lete mpira mwingine nikusainie sasa hivi."

"Asante, mzee. Nitapanga foleni kama wenzangu."

Alinunua mpira mpya, akaenda kusimama mwisho kabisa. Duane akamfuata mbio.

"Glenda, nisamehe! Halafu... gari ni lako. Mimi nitarudije?"

"Mpigie Trish."

"Namba yake sina."

"Bado unanidanganya, Duane! Hata sasa hivi!"

Bibi mmoja mwenye glovu kwapani akamgusa Duane bega.

"Kaka, kama huna cha kusainiwa, tupishe."

Duane akapisha. Glenda akafuta machozi, akasogea mbele hatua moja.