Chumba cha Watu Wawili, Siku Saba

Neno lenyewe lililetwa na mfua shuka wa hoteli, siku ya Jumatatu, tena alilisema akiwa wima, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango, kama mtu asiyetaka kuulizwa zaidi.

"Mwenzangu, mimi sikuona kitu. Ila yule mchumba wa binti yako, yule anayepangia watu safari, amewekewa chumba kwetu. Siku saba, kuanzia Jumapili hii. Chumba cha watu wawili. Na huyo wa pili ni karani wa ofisini kwao. Majina yao yamekaa pamoja kwenye orodha ya vyumba vya kutandika."

"Umesoma vizuri?" mama aliuliza.

"Miwani nilikuwa nayo. Lakini mimi sijasema."

Akabeba foronya zake ishirini alizokuja kuchukua, akaenda zake. Neno halikwenda naye. Lilimganda yule mama kama uzi unavyoganda kwenye sketi ya fundi, unautoa hapa, unaukuta kule. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ndivyo alivyofundishwa tangu udogo, na hakuwahi kubishana na methali.

Mama huyu alikuwa fundi mapazia, yeye na binti yake wa pekee. Walikuwa na chumba kimoja cha kazi chenye dirisha la barabarani, meza ndefu ya kukatia, na cherehani mbili zilizotazamana. Walizoea kushona huku wanaonana uso kwa uso. Siku hiyo mama aliinamisha uso.

Maana yule kijana, mama alikuwa amempenda. Hata siku binti alipokutana naye, yeye mama alikuwepo, kikapu mkononi. Ilikuwa dukani kwa vitambaa, siku ya bei kushushwa, watu wamebanana kama pini kwenye kibweta. Binti alikuwa amevaa gauni la kijani alilojishonea, pini nne zimechomwa kwenye kola kwa mazoea. Akashika jora la bluu la mwisho, akakuta upande wa pili limeshikwa na kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa mpaka mikono ina makali, kalamu tatu mfukoni.

"Dada, samahani, hiki nilikishika kwanza."

"Ulikishika, hukukivuta. Dirisha lako lina upana gani?"

Kijana akapanua mikono. "Hivi."

"Kaka, mikono si futi kamba. Ukipumua tu, dirisha limeongezeka."

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, mikono bado iko hewani. "Basi njoo upime mwenyewe."

"Nikija nitapima na mdomo wako. Naona nao ni mpana."

Mama alikohoa, kikohozi kile cha kusema "mwanangu, watu wanatuona". Lakini moyoni alikuwa anacheka.

Binti alienda kupima. Alikuta ofisi ndogo, kuta zimejaa picha za maporomoko na mapango, karani mezani anagonga mihuri. Kabla hajatoka alimwambia kijana kwamba pindo la suruali yake limefumuka, akapiga magoti akalishona palepale mbele ya wateja. Tangu siku hiyo kijana akamwita Pindo. Yeye akamwita Ratiba, kwa kuwa hata akija kunywa chai aliandika saa ya kufika na saa ya kuondoka.

Mapenzi yao mama aliyajua neno kwa neno. Fundi ana mikono miwili, na yote iko kwenye kitambaa, kwa hiyo simu iliwekwa mezani, sauti nje.

"Pindo wangu, umekula?"

"Nimekula saa saba na dakika kumi, Mheshimiwa Ratiba. Andika."

"Nimeandika. Na umenikumbuka saa ngapi?"

"Hilo halimo kwenye ratiba."

"Pindo!"

"Haya, tangu asubuhi. Nyamaza basi, mama anasikia."

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu," mama alikuwa akijibu, na siku ikawa nyepesi.

Basi Jumanne, siku moja baada ya lile neno, simu ikaita tena, na mama akasikiliza kwa masikio mengine.

"Ratiba, mapazia ya shule namaliza Jumamosi," binti alisema. "Wiki inayofuata niko huru kabisa. Nikutafute wapi?"

"Wiki hiyo nitakuwa nje ya mji, mpenzi. Kule hoteli ya mapumziko. Vile vivutio, unajua. Maporomoko, ngome, mapango."

"Siku zote saba?"

"Saba."

"Peke yako?"

"Pindo, ameingia mteja. Nitakupigia."

Simu ikakatika. Binti akatabasamu peke yake, akasema, "Ana siri huyu, namjua," kisha akaendelea kuimbaimba puani. Mama mguu wake ulikuwa umekandamiza cherehani bila yeye kujua. Mshono ukaenda upande, ukatoka nje ya kitambaa.

Angemwambia? Mara tatu alifungua mdomo. Aliogopa kumvunja mtoto moyo kwa neno la mlangoni, na aliogopa pia kumwacha aende na macho yamefungwa. Akabaki katikati, hafai huku wala kule. Mtoto akiwa mdogo unamshika mkono kuvuka barabara. Akishakua unabaki ukingoni unatazama magari.

Jumatano, binti amekwenda kutundika mapazia ya shule, ikalia simu ya mama mwenyewe. Alikuwa kijana.

"Shikamoo mama. Upo peke yako?"

"Marahaba. Nipo peke yangu, baba. Kuna nini?"

"Naomba unisaidie kitu, ila Pindo asijue. Nataka namba ya kitambulisho chake, na jina lake kamili kama lilivyoandikwa humo."

Mama alikaa chini. "Ya nini?"

"Ni jambo la heri. Mama, nikikwambia lote, atakusoma usoni. Mwenyewe unajua hujui kuficha. Na sisi kazini jambo halitajwi mpaka ligongwe muhuri. Ukilitaja kabla, linaharibika. Ila naihitaji kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi. Ikipita hapo, imepita."

Swali lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: Na huyo karani je? Maneno manne tu. Mama akayameza.

"Nitaangalia, mwanangu."

"Ahsante mama. Mungu akuweke."

Wala hakuwa mjinga kuogopa. Kila siku watu wanaonywa, anayekuomba namba ya kitambulisho kwa siri si mtu mwema. Na huyu analala hotelini na karani wiki nzima, halafu anataka namba ya mwanangu aifanyie nini? Alhamisi, binti akiwa anaoga, mama alifungua pochi ya mwanawe. Akakitoa kitambulisho, akaitazama ile picha ya binti aliyekaza midomo. Akachukua kalamu na kipande cha karatasi. Aliandika tarakimu tatu. Mkono ukakataa ya nne. Akakirudisha, akaikunja ile karatasi mpaka ikawa ndogo kama punje, akaitupa.

Ijumaa saa tatu na nusu simu yake ikalia. Saa nne kasoro kumi ikalia tena. Ilipolia mara ya tatu mama alichukua mabaki ya vitambaa, akaifunika, akaendelea kukata.

"Mama, hiyo simu mbona huipokei?" binti aliuliza.

"Ni watu wa matangazo."

Saa nne ikapita. Nje magari yalipita kama siku zote.

Jumamosi adhuhuri kijana akaja. Kwa mara ya kwanza shati lake lilikuwa na mikunjo. Nyuma yake aliingia mwanamke mnene wa haiba, gauni rangi ya chungwa, viatu virefu, bahasha mkononi, beji kifuani imeandikwa "Karani". Ni yule karani. Mama alipomwona, lile neno la siku tano likamtoka lenyewe.

"Yaani umemleta mpaka kwangu? Huyo unayekwenda kulala naye hotelini, umemleta nyumbani kwangu mimi?"

Cherehani ya binti ikasimama. "Mama! Unasema nini?"

"Muulize! Chumba cha watu wawili, siku saba, jina lake na jina la huyu. Yameonekana kwa macho!"

Karani alitazama huku na huku, kisha akashika kiuno, akacheka mpaka akaegemea meza.

"Jamani mama yangu! Kompyuta ya hoteli haikubali kitanda kitupu. Mteja ambaye namba yake haijafika, ofisini tunaweka jina langu kushikilia nafasi, kisha tunabadilisha. Ni desturi yetu miaka yote. Kwenye karatasi mimi nimeshalala na wanaume arobaini, na mume wangu anajua, huwa ananiuliza leo umeolewa wapi!"

Hakuna aliyecheka naye. Alipoona hivyo, akaiweka bahasha mezani taratibu.

"Nafasi ilikuwa ya nani?" binti aliuliza.

Kijana akatoa karatasi iliyopigwa chapa. "Yako."

Binti akaisoma kwa sauti, polepole. Siku ya kwanza, kufika na kupumzika, chumba kinachotazama bustani. Siku ya pili, ngome ya kale, wavae viatu vya kutembelea. Siku ya tatu, mapango, "Pindo asisahau sweta". Siku ya nne, maporomoko. Saa kumi jioni, nusu saa, shughuli binafsi.

"Nusu saa ya shughuli gani?"

"Ya kukuuliza kama utanioa... kama nitakuoa... Pindo, hata nimesahau nilivyopanga kusema."

"Na sasa?"

"Majina hayakukamilika mpaka jana saa nne. Chumba wamepewa wengine, na hoteli imejaa. Kilikuwa chumba ambacho kampuni huwapa wafanyakazi wake, likizo yangu iliandikwa pamoja nacho, ndipo niende tawi letu jipya la mbali. Chumba kimepotea, na likizo imepotea nacho. Hiyo bahasha ni barua ya uhamisho. Naondoka kesho, ndege mbili. Miaka miwili."

"Kwa nini hayakukamilika?"

Kijana hakumtazama mama. Alitazama sakafu yenye nyuzi. "Nilichelewa. Kosa langu."

Hapo ndipo mama alipoona angeweza kunyamaza na asijulikane kamwe.

"Si yeye," alisema. "Aliniomba mimi namba yako Jumatano. Zile simu za jana zilikuwa zake. Nilizifunika."

Binti alimgeukia. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Mama, tangu Jumatatu ulikuwa na swali moja. Mimi nilikuwa nimekaa hapo mbele yako."

"Niliogopa mwanangu."

"Na wewe," akamgeukia kijana, "ungeniomba mimi, ningekupa namba ya kitambulisho na ya viatu. Nani alikwambia nataka kushtushwa? Wateja wako wanajua wanakwenda wapi. Mimi peke yangu ndiye niliyefichwa safari yangu mwenyewe."

"Nilitaka iwe nzuri, Pindo."

"Ilikuwa nzuri. Naisoma hapa."

Kijana akasogea, akapiga goti juu ya vipande vya vitambaa, suruali yake ikajaa nyuzi. "Basi nakuuliza sasa. Uwe mke wangu."

Karani aliziba mdomo kwa kiganja. Mama alishika meza. Barabarani mtu alikuwa anapiga honi, hanyamazi.

"Inuka," binti alisema, na machozi yakaanza. "Nakupenda, hilo liandike, weka na saa. Lakini nikikujibu sasa nitajua nimekujibu kwa sababu unaondoka, nawe utajua. Nenda ukafike. Nipigie. Uniulize tena nikiwa nimepoa."

"Na ukipoa ukakataa?"

"Sijui, Ratiba. Sijui kabisa."

Alimsindikiza mpaka barabarani. Mama aliwaona kupitia dirishani wamesimama wameshikana mikono, watu wanawapita pande zote mbili, na hakuweza kusikia hata neno. Jumapili kijana akaondoka.

Simu zinakuja bado. Zikija, binti anaacha kazi, anatoka uani, anafunga mlango nyuma yake. Anarudi macho mekundu siku moja, siku nyingine anatabasamu. Mama haulizi tena maana hajui kama ana haki ya kuuliza. Anachoweza ni kumwekea chai tu. Swali halijarudiwa, na likirudiwa hajui jibu litakuwaje, wala hana la kufanya.

Kwa hiyo mzazi, nawe kijana unayependa, jiepusheni na haya:

Kupokea neno kutoka kwa mtu aliyeshika kitasa cha mlango. Mwambie akae, amalize.

Kuijua habari inayomhusu mwanao na kumficha mwenyewe.

Kutoa namba ya kitambulisho bila kujua inakwenda wapi. Hilo linabaki kosa. Lakini uliza inakwenda wapi.

Kumpangia mpenzi wako safari, au maisha, kwa siri, hata kama ni ya heri.

Kuacha kazi ya moyo mpaka asubuhi ya siku ya mwisho.

Kuiacha simu ilie. Ipokee, hata kama utasema hapana.